Sarafu Juu ya Barafu

Katika nyumba ile hakuna aliyekula kiporo kabla bibi hajakinusa. Haikuwa sheria iliyotangazwa na mtu. Yalikuwa mazoea tu, kama watu wanavyovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wali wa jana, mchuzi wa juzi, maziwa ambayo hakuna aliyekumbuka yalifunguliwa lini, vyote vilipita kwanza mbele ya kiti chake cha plastiki kando ya dirisha la jikoni. Bibi alifumba macho, akapepea kwa kiganja kuelekea puani, halafu akatoa hukumu. "Kuleni." Au: "Mwaga." Rufaa hakuna.

Mwanawe, ambaye anaendesha gari la mikate na hula chochote kisichomkimbia, aliwahi kumbishia mara moja tu, kuhusu sahani ya maharage. Akayala. Kesho yake mikate ilichelewa kufika kila duka, na dereva mwenyewe hakuthubutu kwenda mbali na choo. Tangu hapo alishika adabu.

Pua ile ilikuwa na kazi yake zamani. Kabla hajastaafu, bibi alikuwa mpokeaji wa vyakula katika jiko la hospitali kubwa, na wauza nyama walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkaguzi. Gari likifika mlango wa nyuma, yeye hutoka na koti lake jeupe, huinama juu ya kreti, hunusa, na kama hakupenda alichonusa hutikisa kichwa. Basi. Gari linageuzwa na mzigo wake. Muuza samaki mmoja akampa jina la Forodha, na jina likamganda mpaka leo.

Sasa magoti yamechoka, na macho hayatungi tena uzi kwenye sindano. Mwanawe alimchukua waishi pamoja, na mkamwana, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache, akampokea vizuri. Vizuri mno, ukimuuliza bibi. Kufua walimkataza. Mwiko walimpokonya kwa upole, mpaka akaona afadhali wangempokonya kwa ugomvi. Kazi iliyobaki ilikuwa pua. Akiwa na pua, alikuwa mtu wa maana katika nyumba ile. Bila pua, angekuwa mgeni anayelishwa. Hivyo ndivyo alivyojihesabia, na hakuna aliyempinga, maana hakumwambia mtu.

Basi yakaja mafua. Mafua ya kawaida tu, yakazunguka nyumba nzima. Alianza mjukuu, anayeitwa Kasuku kwa sababu ya kidomodomo chake. Mtoto yule hafungi mdomo hata ukiwa na chakula ndani. Akafuata baba, akafuata mama. Wote wakapona. Bibi naye akapona: homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, na harufu zote za dunia zikaondoka nazo.

Aligundua asubuhi moja akiwa jikoni anachambua mchele. Maziwa yalikuwa motoni. Yakafura, yakamwagika, yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, na bibi kakaa palepale, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angezima jiko. Mkamwana alikuwa uani anaanika nguo. Harufu ilimfikia hukohuko, akaingia mbio, akazima, akafungua dirisha, kisha akamgeukia mama mkwe wake.

"Nilisinzia," bibi akasema.

Mkamwana aliutazama ungo. Mchele ulikuwa umechambuliwa vizuri, chuya upande huu, mchele upande ule. "Pole, mama," akasema, akachukua sufuria akaenda kuisugua.

Walipotoka wote, bibi alijifanyia ukaguzi. Alikata kitunguu akakisogeza puani. Machozi yalimtoka, harufu haikuja. Akajaribu siki. Akajaribu sabuni ya kufulia. Akafungua chupa ya mafuta ya taa akaiinamia mpaka kichwa kikaanza kuzunguka. Hola. Akarudi kitini akaketi, na akaogopa, akaogopa kwelikweli. Alipofiwa na mumewe watu walijaa nyumbani kumpa pole. Hili hakuna aliyelijua, na aliyekuwa nalo alikuwa peke yake.

Alikwenda kliniki akisingizia magoti. Daktari akamwambia wengine hurudiwa, wengine hawarudiwi, avute subira. Subira! Na huku viporo vinaletwa kila siku, na watu wamekaa na vijiko mkononi wanamsubiri yeye aseme. Akikosea, mtoto ataugua. Akikiri, kiti cha dirishani kitakuwa kiti tu. Bibi alipima haya mawili, akaona yote machungu, akatafuta la tatu.

La tatu alilipata kwenye kazi yake ya zamani. Kule hospitali pua ilikuwa mlango wa mwisho tu. Kabla ya pua palikuwa na utaratibu. Chakula kikiwekwa kinavyotakiwa, pua haina la kufanya. Akakata shauri: ataliweka friji lile katika hali ambayo kitu hakitapata nafasi ya kuharibika, na yeye hatapata nafasi ya kuumbuka.

Alianza kwa kutoa kila kitu mezani. Lo, aliyoyakuta! Kulikuwa na nusu ya ndimu iliyokauka ikawa kokoto. Kulikuwa na nyanya zilizokuwa zikilia machozi yao wenyewe. Kulikuwa na kimfuko fulani ambacho kila mtu alikikana, na mpaka leo mwenyewe hajapatikana. Akaosha rafu kwa maji ya magadi, akazikausha, ndipo akapanga. Nyama mbichi na samaki chini kabisa, ndani ya trei, damu isije ikadondokea chakula cha mtu. Vilivyopikwa juu, vimefunikwa. Maziwa akayahamisha kutoka mlangoni kuyapeleka ndani, kwa sababu mlango ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote. Kila mtu anaufungua, anasimama, anawaza maisha. Mlangoni zikakae pilipili na achari. Na asishindilie mtu vitu mpaka friji likose pumzi, maana ubaridi hutembea, ukiuzibia njia utabaki pale ulipo.

Sufuria ya moto ikapigwa marufuku kuingia. Lakini haikuachwa mezani kutwa nzima pia, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, mchuzi ukapoa mpaka ukasahaulika. Sasa mchuzi ulihamishiwa kwenye bakuli pana, bakuli likakalishwa ndani ya beseni la maji baridi, ukapoa upesi, ukafunikwa, ukaingia. Vya friza vilifungwa kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja kwenye mifuko iliyokamuliwa hewa na kulazwa bapa. Nyama ya kupika kesho ilitolewa ikayeyukie ndani ya friji, siyo dirishani juani kama soksi. Na kilichokwisha kuyeyuka hakikurudishwa kuganda, hata mwanawe alie machozi. Kila mfuko ukabandikwa kipande cha karatasi chenye tarehe. Mwandishi alikuwa Kasuku, kwa sababu mkono wa bibi unatetemeka, na Kasuku akiwa Kasuku hakuridhika na tarehe tu. "Maharage, baba asiguse." "Kuku, maskini."

"Hii sasa ni nyumba au bohari?" mwanawe akauliza, amesimama mbele ya friji lililo wazi.

"Funga mlango."

"Mama, natafuta tu soda."

"Itafute kichwani kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Ukishaipata ndipo ufungue."

Walimcheka. Walisema uzee umemgeuza askari. Yeye aliwaacha waseme. Bakuli likiletwa alinusa kama zamani, macho amefumba, kiganja kinapepea; ila kabla ya kufumba macho alikuwa ameshasoma tarehe, ameshaangalia kama juu pana povu, ameshapitisha ncha ya kidole kutafuta utelezi. Na hakukosea hata siku moja. Hakuna tumbo lililouma. Jambo hilo lilimshangaza mwenyewe, halafu likaanza kumpa kiburi, akaamini kwamba amewapiga chenga wote.

Nyumba ya pili anakaa mshonaji wa nguo, Mama Vifungo. Hana friji, na droo ya chini ya friza ya akina bibi ilikuwa kama yake. Wiki ile aliweka humo samaki wakubwa aliotumiwa na kaka yake, wamesafishwa, wamekatwa vipande, kwa ajili ya dada zake waliokuwa wanakuja kumtembelea. Alikuwa hajaonana nao muda mrefu na alizungumza habari zao kila alipokuja hodi. Akina bibi nao walikuwa na safari ya siku chache, kwenda kwa ndugu.

Safari ile ilimtia bibi wasiwasi. Umeme wa mtaa ule una tabia zake: unaweza kukatika upande huu wa barabara na upande wa pili watu wanasikiliza redio. Ukikatika ukarudi, vyakula huyeyuka na kuganda tena, na mwenye nyumba akifungua friza anakuta kila kitu kigumu, anapika, anajiua. Mtu mwenye pua angebahatika kushtuka. Yeye je? Akakumbuka walichokuwa wakifanya hospitali sikukuu zikikaribia. Aligandisha maji ndani ya glasi, akaweka sarafu juu ya barafu, akairudisha friza.

"Tukirudi tukakuta sarafu iko juu, amani," akawaambia. "Tukikuta imezama, barafu iliyeyuka na kila kitu kiliyeyuka nayo. Tunatupa."

Kasuku alisikiliza nusu yake, kama kawaida.

Walirudi mchana. Wengine walikuwa bado wanashusha mizigo, bibi alishafika jikoni, hata kitambaa cha kichwani hajafungua. Akatoa glasi ile. Barafu ilikuwa ngumu, safi, na sarafu imelala chini kabisa kwenye kitako.

"Tupeni vyote," akasema.

"Mama!" Mwanawe aliingia na begi mkononi. "Nyama zote hizi? Hebu shika, ngumu kama jiwe."

"Ni ngumu sasa. Katikati hapa zilikuwa laini, sarafu inasema."

Wakiwa katika mvutano huo, Mama Vifungo akapiga hodi. Alikuwa ameona gari. Alikuja na beseni lake, uso unang'aa, dada zake wanafika kesho. Alipoambiwa, uso ule ulizimika. "Mimi sikuona umeme ukikatika," akasema, "lakini nashinda kibandani na cherehani, nitajuaje?" Akamtazama dereva, akamtazama bibi, akatazama beseni.

Mwanawe akaona njia. Alichukua kipande kimoja cha samaki, akakifunga vizuri ndani ya mfuko, akakizamisha kwenye maji baridi mpaka kikalainika, akakileta kwenye sahani mbele ya kiti cha plastiki. "Sarafu haina pua," akasema. "Wewe unayo. Nusa, tumalize."

"Mimi nasubiri neno lako tu, Bibi Forodha," akasema Mama Vifungo. "Ukisema nipike, napika. Ukisema nitupe, natupa."

Bibi aliinama. Akafumba macho, kiganja kikapepea, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, na hakuna kilichokuja. Hewa tupu. Akavuta tena. Akawaona dada za Mama Vifungo wamejikunja kwa maumivu, akamwona Kasuku kwenye kitanda cha hospitali ileile aliyofanya kazi, na watu wanaulizana nani alisema chakula hiki kizuri. Akafumbua macho. Aliitazama glasi iliyokuwa mezani, na sarafu chini yake.

"Wameharibika."

Mwanawe aliinua sahani akanusa. "Mbona mimi nasikia samaki tu? Samaki ananuka samaki."

"Wewe pua yako ni ya mikate."

"Kwa kweli, bibi," akasema Mama Vifungo taratibu, naye ameinama, "hata mimi sioni kama..." Hakumaliza. Bibi akainua macho. Walikuwa wanamtazama. Mara ya kwanza katika nyumba ile walikuwa wanamtazama kwa shaka.

Mkamwana alikuwa ameegemea mlango. Akaja, akainama juu ya sahani, akapepea kwa kiganja. "Ana harufu," akasema. "Kwa mbali, lakini ipo. Mama amesema kweli."

Ikawa imekwisha. Walitoa mifuko yote. Mama Vifungo alibeba samaki wake mwenyewe mpaka shimo la taka nyuma ya nyumba, akamimina, akasimama hapo kidogo. Aliporudi alijitahidi kutabasamu. "Afadhali tumejua mapema," akasema, akachukua beseni tupu akaenda zake. Bibi alishusha pumzi. Alijisikia mwepesi, na papo hapo akajiona vibaya kwa wepesi ule.

Friza ikaoshwa. Mkamwana alipangusa rafu, na bibi akajaza maji kwenye glasi mpya akaiingiza. Kasuku, aliyekuwa akizungukazunguka akisimulia safari yote tangu mwanzo kwa mtu yeyote na asiyekuwa mtu, akaokota sarafu mezani akataka kuidumbukiza.

"Ngoja, mjukuu wangu, siyo sasa. Kwanza maji yagande. Yakishaganda ndipo sarafu inawekwa juu."

Mkono wa Kasuku ukabaki hewani. Mdomo nao ukafungwa, na hilo peke yake lilitosha kuwashtua. "Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Siku ile tunaondoka nilikuwa natafuta barafu yangu ya rangi. Ile glasi ikaanguka. Haikuvunjika! Barafu tu ndiyo iliyoruka ikaingia chini ya kabati. Nikatia maji mengine, nikatia na sarafu, nikarudisha." Akawatazama mmoja mmoja. "Hamkuniuliza."

Bibi aliketi. Umeme haukukatika. Samaki wa watu walikuwa wazima. Na sasa ndipo alipokumbuka vitu ambavyo macho yake yalikuwa yameviona na yeye hakuvitazama: mifuko ilitoka mmoja mmoja bila kushikana, trei ya chini ilikuwa kavu, haina tone la damu iliyoganda, vipande vya kuku vilikuwa na umbo lake lilelile. Mfanyakazi mwenzake yeyote wa zamani angeviona hivyo, angemwambia, mama, hivi havijawahi kuyeyuka. Yeye alikuwa amekodolea glasi. Hofu ilimla akili.

"Nenda ukacheze nje," mkamwana akamwambia Kasuku, naye akaenda, akigeuka nyuma njia nzima.

"Ulisema ana harufu," bibi akasema.

"Nilisema, mama."

"Ulisikia nini?"

"Samaki. Samaki mzuri tu."

"Sasa?"

Mkamwana alikamua kitambaa, akakitandaza kwenye ukingo wa sinki, akakinyoosha pembe. "Sarafu ilikuwa chini. Na wewe ndiye unayetuambia kila siku kwamba kuna ubaya usionuka. Nikaona nifuate sarafu." Akajifuta mikono. "Halafu sikutaka upingwe mbele ya mtu. Nilikuona, mama. Ulikuwa hunusi. Ulikuwa unaitazama glasi."

Bibi akauliza, ingawa jibu alikuwa ameshaanza kuliona. "Umejua tangu lini?"

"Tangu yale maziwa. Aliyesinzia hachambui mchele ukatakata vile."

"Na viporo vyote ulivyoniletea?"

"Nilivinusa kwanza. Vilivyochacha nilivimwaga uani, havikukufikia."

Ndiyo maana hakukosea. Bibi alihisi uso unamchoma. Muda wote ule alikuwa kama mtoto aliyepakatwa kwenye usukani wa gari lililozimwa, anageuza kulia, anageuza kushoto, anajiona dereva. Hasira ilimpanda. "Mkawa mnanichezesha!"

"Hakuna mnanichezesha, mama. Ni mimi tu. Baba Kasuku hajui, mtoto hajui."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Nje Kasuku alikuwa anaimbia kuku wa jirani. Baadaye mkamwana akasema, sauti ya chini, kama anazungumza na sinki, "Mimi nikisema chakula kizuri, baba yake huniuliza, una hakika? Ukisema wewe, wanakula."

Bibi aliinuka akatafuta mkongojo wake. Mkamwana akamwambia apumzike, aende kesho. "Kesho wageni wake watakuwa wameshakaa mezani," akajibu, akatoka, mwenyewe, mdogo mdogo, mpaka kwa jirani.

Mama Vifungo alikuwa mbele ya cherehani, pini zimejaa mdomoni. Bibi hakuzunguka mbuyu. "Samaki wako walikuwa wazima. Mimi pua sina, imekufa tangu mafua. Nilikudanganya, nikaogopa kusema, ukatupa chakula chako."

Mama Vifungo alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. "Ala," akasema. Kisha, "Ala, bibi!" Na hasira zikamjia, kwa haki yake. "Nimewamwaga kwa mkono wangu huu! Nimesimama shimoni pale nawaaga kama ndugu! Si ungesema tu?"

"Ningesema."

"Sasa dada zangu nawapa nini, vifungo?"

"Mkamwana wangu ataamkia sokoni. Samaki watakuwa kwako kabla hujawasha jiko." Bibi akangoja kama kuna zaidi. Hakuna. Akageuka akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Jioni walipokaa kula akawaambia na waliobaki. Mwanawe aliweka kijiko chini. "Na mimi nimekuwa nakula!"

"Umekula nilichonusa mimi," mkewe akasema.

Dereva alilifikiria hilo. "Kwa hiyo yule mtu aliyekuwa akinimwagia chakula uani alikuwa wewe?"

Kasuku alicheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka. "Kuanzia sasa kiporo kipelekeni kwa mkamwana wangu," akasema. Na kesho yake hakukaa kwenye kiti cha dirishani. Alikwenda kukaa sebuleni, mikono mapajani, akitazama televisheni iliyozimwa. Wakimwita kunywa chai, alikuja. Wakimwambia jambo, aliitikia. Aliona aibu, na chini ya ile aibu aliona upweke, na ule upweke ndio uliomuuma zaidi.

Dada za Mama Vifungo walikuja, wakacheka kutwa nzima hata ukuta ukasikia, wakaondoka. Siku iliyofuata, mchana, hodi ikapigwa mlango wa jikoni. Mama Vifungo aliingia na bakuli lililofunikwa, akampita dereva, akampita mkamwana, akakiona kiti cha plastiki kitupu.

"Bibi Forodha yuko wapi? Nimebakiwa na mchuzi wa samaki, nataka tule wote."

Bibi alitokea mlangoni. "Nimekwambia pua sina."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mkamwana wako anuse. Wewe useme."

Mkamwana alipokea bakuli, akalifunua. Akafumba macho, kiganja kikapepea, polepole, jinsi inavyotakiwa. Bibi alimtazama asimkute na kosa. Mkamwana akashusha bakuli. Alimgeukia mama mkwe wake, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, akangoja. Dereva alikuwa na kijiko tayari. Kasuku alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Jana ulilala wapi mchuzi huu?" bibi akauliza.

"Kwenu," akasema Mama Vifungo. "Nilimpa mkamwana wako uliposinzia sebuleni. Tuliupoza kwenye beseni la maji, tukaufunika, tukaweka rafu ya juu, na leo nikauchukua nikaupasha moto. Kama ulivyosema."

Bibi alivuka jiko, akavuta kiti chake, akaketi kando ya dirisha. Alivuta pumzi ndefu, ya kawaida tu, isiyotafuta kitu.

"Kuleni," akasema.